Vitu vya Mtoto Mchanga: Vipi vya Lazima na Vipi vya Fakhari?

(Haya ni maandishi ya mhadhara uliotolewa na mmoja wa mama zetu, ambaye ni mkunga, mbele ya vijana waliooa na kuolewa karibuni, baada ya sala ya alasiri. Tumeuacha kwa lugha yake ya mazungumzo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni zake Allah (S.W.T.), na sala na salamu zimwendee Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. 

Wanangu, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya vitu vya kumtayarishia mtoto anapokuja duniani na katika miezi yake ya kwanza. Mimi ni mkunga, si sheikh. Mambo ya dini nitayagusa pale yanapokutana na kazi yangu, na zaidi ya hapo mtawauliza masheikh wetu, ambao alhamdulillahi wapo.

Wacheni nianze na jambo ambalo twaliona sana kliniki. Anakuja kijana na mkewe, mimba ina miezi minane. Kijana ni wa tuktuk, au yuko mjengoni, au ana kibanda cha simu. Ukiwauliza matayarisho yamefika wapi, wanakuhesabia kwa furaha: kitanda cha mtoto chenye pazia lake, kigari cha kusukuma, chupa sita za maziwa, viatu jozi tatu. Viatu jamani, na mtoto mwenyewe hata kukaa bado hajajua! Vingine vimenunuliwa kwa mkopo wa simu. Sasa waulize: uchungu ukishika saa nane za usiku, mtakwenda hospitali kwa gari gani na nauli iko wapi? Wanatazamana. Muulize mama amekula nini asubuhi. Chai ya rangi na mkate.

Basi maneno yangu yote ya leo ni haya: mtoto mchanga anahitaji vitu vichache sana, na kitu chake cha kwanza ni mama yake. Ukishalifahamu hilo, pesa kidogo zitakutosha. Usipolifahamu, hata pesa nyingi zitaishia dukani na mtoto hatafaidika.

KITU CHA KWANZA NI MAMA

Mkifika nyumbani fungueni Suratul Baqara, aya ya 233, msome tafsiri yake. Hapo pametajwa kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Halafu angalieni baba amewekewa jukumu gani katika aya hiyo hiyo. Ni chakula cha mama na mavazi yake, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Yaani riziki ya mtoto imepitishwa kwa mama.

Na hospitali nako twasema vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Kwa nusu mwaka, jiko la mtoto wako ni mwili wa mama yake. Sasa wewe unanunua kigari cha kusukuma, na jiko halina kuni?

Mama anayenyonyesha ataka kula vizuri: samaki au maharagwe, mayai, mboga za majani, matunda, uji, na maji ya kutosha. Ataka mtu wa kumsaidia kufua na kupika walau wiki chache za mwanzo. Na ataka usingizi. Kina baba, ukimshika mtoto saa mbili ili mama alale, umempa mtoto kitu ambacho hakiuzwi Marikiti. Wale walioajiriwa wajue kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Hizo wiki mbili si za kwenda kubarizi maskani. Na wewe wa tuktuk ambaye huna mwajiri wa kukupa likizo, basi angalau rudi mapema.

Na kwa kuwa tuko ndani ya Ramadhani, niseme hili. Mama aliye katika nifasi hafungi. Na anayenyonyesha akichelea afya yake au ya mtoto, sheria imempa ruhusa ya kula. Atalipa vipi baadaye, wanavyuoni wana maelezo yao, muulizeni sheikh. Lakini msimtie aibu kwa kutumia ruhusa aliyopewa na Mola wake.

GAWA PESA KABLA YA KUINGIA DUKANI

Tuseme mumejiwekea shilingi 15,000. Zigaweni mafungu matatu. Shilingi 6,000 ni za chakula cha mama na msaada wa nyumbani. Shilingi 4,000 ni za safari na dharura, na hizo haziguswi hata kukiwa na ofa ya namna gani. Zinazobaki, 5,000, ndizo za vitu vya mtoto. Mwenye zaidi au mwenye chache atumie mpango huo huo kwa kadiri yake.

Kwa nini nashikilia hilo fungu la dharura? Kwa sababu mtoto mchanga hangoji mshahara. Akikataa kunyonya, akiwa na homa au akipoa mwili, akipumua mbio, akishikwa na degedege, kitovu kikiwa chekundu au kutoa usaha, au mwili ukigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano yakafika viganjani na nyayoni wakati wowote, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Manjano hayatibiwi kwa kumwanika juani. Nauli iliyo mfukoni usiku huo ina thamani kuliko vitanda vyote vya madukani.

MKOBA WA HOSPITALI

Mwezi wa nane ukiingia, mkoba uwe tayari. Tieni kitambulisho, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na simu yenye chaji. Leso nne safi, pedi, pamba, nguo za mama za kubadilisha, sabuni, nepi, shati mbili za mtoto, kofia, soksi na shoo moja. Ulizeni mapema hospitali mnayokwenda kama ina orodha yake. Na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mmejiandikisha na michango yenu iko sawa kabla ya uchungu, si mlangoni pa wodi.

NGUO, LESO NA NEPI

Mtoto mchanga anakua haraka. Nguo za saizi ndogo kabisa atazivaa wiki chache tu. Shati sita za pamba zinazofunguka mbele, kofia mbili, soksi jozi tatu, shoo mbili, na leso. Leso ndiyo rafiki wa mama wa pwani: itamfunika, itambeba, itamkausha, itatandikwa. Leso kuukuu iliyolainika ni bora kwa ngozi yake kuliko mpya yenye wanga wa dukani. Mpya ifueni kwanza.

Mtumba haudhuru. Nendeni Kongowea, chagueni pamba, mfue kwa maji moto, mwanike juani, mpige pasi. Aliye na dada au jirani ambaye mtoto wake amekua, aazime bila kuona haya.

Na msimfunge mtoto kama mzigo. Hapa Mombasa twaona mtoto mwezi wa Februari amevalishwa sweta, kofia na blanketi juu, kisha watu washangaa ana vipele na analia. Kipimo ni rahisi: mzidishie nguo moja tu kuliko unazovaa wewe. Mguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, mpunguzie. Ndugu zetu wa Nairobi na Eldoret mwezi wa Julai wao wana hesabu yao ya baridi, lakini kipimo ni hicho hicho.

Sasa nepi. Hapa ndipo pesa hupotelea. Mtoto mchanga huweza kubadilishwa mara nane kwa siku. Tuseme daipa moja ni shilingi 15. Hizo ni 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi. Tuseme nepi ya kitambaa ni shilingi 70. Dazeni mbili ni 1,680, umenunua mara moja na mdogo wake atazitumia inshallah. Bei zabadilika, nyinyi tieni bei ya mtaani kwenu mpige hesabu. Mwenye kuchoka kufua atumie daipa mbili tu kwa siku, ya usiku na ya safari. Kwa bei hiyo ni 900 kwa mwezi.

Na nepi ina faida nyingine. Ndiyo mizani ya maziwa. Kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku na anaongezeka uzito, huyo anashiba. Wengi hukimbilia kopo la maziwa wakidhani mama hana maziwa, kumbe hawajahesabu nepi.

MAHALI PA KULALA

Kitu kimoja cha kulalia ambacho sitaki mkikose ni chandarua chenye dawa. Sisi wa pwani twajua malaria ni nini. Kliniki za wajawazito katika sehemu zenye malaria zimekuwa zikitoa chandarua bure, kwa hivyo ulizeni siku ya kliniki.

Kitanda cha mtoto si lazima. Kinachotakikana ni mahali tambarare na pagumu kidogo, chumba kimoja na mama. Alazwe chali. Asiwekewe mto, wala midoli, wala blanketi zito karibu na uso. Akilala kitanda kimoja na wazazi, kusiwe na mto wala shuka la kumfunika uso, na asiwe ukutani penye mwanya wa kutumbukia. Na kulala naye kwenye kochi ni hatari zaidi. Usingizi ukikuchukua, mtoto huteleza akabanwa asipumue.

CHUPA NA KOPO

Chupa sita za nini, wanangu? Mtoto anayenyonya hana haja ya chupa hata moja. Chupa ni ngumu kusafisha, na maziwa yakiganda kwenye nyonyo lake ni kuhara. Mama anayerudi kazini akamue kwa mkono wake safi, atie kwenye chombo chenye kifuniko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto letu, mapema zaidi ni bora. Sheria yetu ya mwaka 2012 imekataza kutangaza maziwa ya kopo, chupa na nyonyo kwa watoto wachanga. Kwa hivyo mkiona mtu anawasifia, jiulizeni anauza nini.

Simlaumu mama ambaye hawezi kunyonyesha. Wako wagonjwa, wako wanaotumia dawa, na wako watoto waliofiwa na mama zao. Hao wasikate kauli peke yao wala kwa maneno ya jirani. Waje kliniki wapangiwe, kwa sababu mara nyingi mama anayedhani hawezi, anaweza.

KUOGA, KITOVU NA MAMBO YA KWETU

Beseni moja la mtoto, taulo laini, na sabuni isiyo na harufu kali. Yatosha. Kuoshwa mara ya kwanza kungoje saa 24 kama mtoto hana tatizo, ili asipoteze joto. Damu ipanguswe tu. Poda haina kazi, na vumbi lake laingia kifuani.

Kitovu hakipakwi majivu, wala mafuta, wala mate, wala samadi. Huko ndiko ipitako pepopunda. Kiwe kikavu na safi, nepi ifungwe chini yake. Mkipewa dawa ya kitovu hospitali, tumieni kama mlivyoelezwa, na iwekwe mbali na dawa za macho. Ikiingia jichoni hudhuru vibaya sana.

Sasa nije kwenye mambo ambayo wakubwa wetu huyafanya kwa mapenzi.

Wanja. Wanja mwingi una madini ya risasi ndani yake, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Haukuzi macho. Usipakwe machoni, wala kwenye nyusi, wala kitovuni.

Vile vidonge vyeupe vya harufu kali, vya kufukuzia nondo na mende kabatini. Nguo za mtoto zisikae navyo kabisa. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kitu katika damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni mwingi katika nchi za malaria kama pwani yetu. Mtoto wa namna hiyo akivalishwa nguo iliyolala na vidonge hivyo, damu yake huweza kuvunjika akawa manjano ghafla, na ubongo ukadhurika. Nguo za bibi zilizohifadhiwa sandukuni zifueni vizuri, mzianike juani siku nzima, na harufu ikibaki msimvalishe.

Asali. Kufungua kinywa cha mtoto kwa tende ni Sunna, na kipande kidogo kilicholainishwa, kikapakwa kwa kidole safi na mtu mwenye afya, kinatosha. Mtoto njiti au mgonjwa, mwulize daktari kwanza. Lakini asali asipewe mpaka atimize mwaka. Huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na tumbo la mtoto haliwezi.

Chetezo na jiko la makaa. Udi ni mzuri, lakini si katika chumba kilichofungwa na mtoto yumo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Fukizeni nguo nje, kisha mziingize.

ZAWADI NA AKIKA

Jamaa watawauliza: tuwaletee nini? Msione haya kujibu. Mwenye kuleta shoo ya kumi, mwambieni kwa adabu alete mafuta ya kupikia, au samaki, au aje afue siku moja. Mwenye gari aahidi gari la usiku. Na wenye gari lenu, kiti cha mtoto cha garini ndicho kitu cha bei ambacho sitawakataza. Kwa bodaboda, mtoto mchanga asipandishwe.

Akika ni Sunna kwa mwenye uwezo. Haikuwekwa ili kijana aingie kwenye deni la miezi sita akimlisha mtaa mzima, na mama mzazi ndani anakula mkate mkavu. Na siku ya kunyoa, wembe uwe mpya.

MASWALI

Dada mmoja aliuliza: “Mama, mama mkwe wangu hukasirika nikikataa wanja. Nifanyeje?”

Mwanangu, usibishane naye mbele ya watu. Yeye hamtakii mjukuu wake mabaya, wakati wake hakuna aliyemwambia habari ya risasi. Mwombe akusindikize kliniki siku ya chanjo ya wiki sita, umwambie muuguzi wako kabla. Neno likitoka kwa muuguzi halikuvunjii heshima wewe wala yeye. Kisha mpe kazi yake: yeye ndiye wa kumkanda, wa kumwogesha, wa kumsomea dua. Bibi akiwa na nafasi yake hatagombania wanja.

Kijana mmoja aliuliza: “Mama, nikimpeleka mke wangu nyumbani na leso kuukuu na nguo za kuazima, watu si watasema nimemdharau?”

Watasema, mwanangu. Watasema siku tatu. Lakini anayekaa na mkeo saa tisa za usiku, mtoto analia na maziwa yamekwama, si wao. Muulize yeye mwenyewe, mbele ya hesabu zako zote: wataka kitanda cha mtoto, au wataka msaidizi wa mwezi mmoja na samaki kila siku? Atakalojibu, lifuate. Hiyo ndiyo heshima.

Nawaombeni kitu kimoja mnapotoka hapa. Kabla ya kununua chochote, kaeni wawili na karatasi, muandike mafungu yale matatu, na jina na nambari ya mwenye gari mliyekubaliana naye. Karatasi hiyo muibandike mlangoni.

Allah awajaalie mimba za salama, uzazi mwepesi, na watoto wema wenye afya. Awarehemu kina mama waliotangulia katika uzazi, na awape subira waliofiwa na watoto. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.